Nyumba ya Kiwalani: nani anakaa, nani anamiliki?

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Mjomba, nimekupigia kuhusu hii nyumba. Nimeulizia kwa watu wanaojua sheria. Wanasema mtu akikaa mahali miaka 12, panakuwa pake. Mimi nina miaka zaidi ya 20 hapa."

Mazungumzo haya tumeyatunga, lakini msikilizaji ukikaa kwenye baraza lolote la ardhi nchini utayasikia kwa sauti nyingine na majina mengine. Tuyatumie kama mfano wetu wa leo. Mzee mmoja alinunua kiwanja Kiwalani, Dar es Salaam, mwaka 1994, akajenga nyumba ya vyumba sita. Mwaka 2003 kazi ya kiwandani ikaisha, akarudi kijijini kwao Kisarawe kulima mihogo na korosho. Nyumba akamwachia mpwa wake. Alimwambia maneno machache tu: "Kaa hapo, uniangalizie." Hapakuwa na karatasi. Nani anaandikishana na mtoto wa dada yake?

Sasa mpwa anasema nyumba ni yake. Je, sheria iko upande wake?

Kabla ya kujibu, inabidi tuyapange maneno vizuri. Migogoro mingi ya nyumba na viwanja haianzi kwa ubaya wa mtu. Huanza kwa maneno manne au matano ambayo mtaani tunayatumia kana kwamba ni neno moja: kukaa, kukalia, kushika, kumiliki, kuwa na hati. Kwa sheria kila moja lina uzito wake.

Kiwalani ni wapi, na kwa nini inamhusu mtu wa kijijini

Kiwalani ni kata ya Ilala, karibu na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na ukivuka kidogo uko upande wa Temeke. Ni mtaa uliokua wenyewe. Zamani yalikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo. Wenye mashamba wakakata vipande, wakauza kwa watu waliokuwa wakifanya kazi viwandani kandokando ya barabara ya Pugu, ambayo leo ni barabara ya Nyerere. Hapakuwa na mpimaji wala ramani ya mipango miji. Palikuwa na muuzaji, mnunuzi, mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili.

Wengi wa wanunuzi hao walitoka Pwani, Lindi, Mtwara, Morogoro na mikoa mingine, na wengi wamesharudi makwao. Ndiyo maana makala hii inakuhusu hata kama uko Rufiji au Masasi na hujapanda basi la Dar miaka mitano. Inawezekana baba yako ana nyumba huko. Inawezekana mwanao amepanga chumba huko. Na maneno haya haya yatakukuta shambani kwako, kama tutakavyoona mbele.

Kukaa si kumiliki, lakini kukaa si bure

Tuanze na jambo ambalo huwashangaza wengi. Tanzania hakuna mtu anayemiliki ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachokuwa nacho raia ni haki juu ya ardhi, yaani haki ya kuikalia, kuitumia, kuiuza, kuirithisha na kumzuia mwingine asiingie. Kwa Kiswahili cha serikali haki hiyo tumezoea kuiita hakimiliki, na karatasi yake hatimiliki au hati tu. Lakini jina lake la Kiingereza, lililoletwa na sheria ya ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923, ukilifasiri neno kwa neno ni haki ya kukalia. Kiswahili kimeweka "miliki" mahali ambapo Kiingereza kimeweka "kukalia". Si ajabu basi mtu aliyekalia kuona kwamba amemiliki.

Tofauti ni hii. Kukalia ni jambo la macho: nani analala ndani, nani ana ufunguo, nani anafagia uwanja. Kumiliki ni jambo la haki: nani anaweza kusimama mbele ya baraza akasema mahali hapa ni pangu, na akaeleza alipapataje. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Lakini mara nyingi vimegawanyika, kama kwa mzee wetu wa Kisarawe. Yeye anamiliki bila kukaa, na mpwa anakaa bila kumiliki.

Hata hivyo sheria haimdharau anayekaa. Mtu aliyekalia mahali kwa amani ana kinga dhidi ya kila mtu asiye na haki kubwa kuliko yake. Jirani hawezi kuja kumtoa mpwa kwa kusema tu "nyumba si yako". Kweli si yake, lakini pia si ya jirani. Anayeweza kumtoa ni mwenye haki, tena kwa njia ya sheria.

Mzee hana hati. Anamiliki nini?

Mpwa anaweza kugeuza swali: mjomba naye ana nini cha kuonyesha? Ana karatasi moja ya daftari yenye sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili na muhuri wa tawi uliofifia.

Hapa ndipo neno "skwota" limewaumiza watu bure. Kwa sababu makazi kama Kiwalani hayakupimwa, wengine hudhani kila anayeishi huko ni mvamizi. Mvamizi ni mtu aliyeingia kwenye ardhi ya mwingine bila ruhusa na bila haki yoyote. Aliyenunua kwa mwenye shamba mbele ya mashahidi si mvamizi. Ana haki ambayo haijaandikishwa serikalini, na haki isiyoandikishwa bado ni haki. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilisema wazi kwamba haki za wakazi wa maeneo yasiyopangwa zitaandikwa na kutunzwa. Kabla yake, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri lililotoka upande wa Arusha kwamba haki ya mtu juu ya ardhi aliyoipata kimila ni mali, na inalindwa na Katiba kama mali nyingine. Haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki.

Kwa hiyo ile karatasi ya daftari si takataka. Si hati, lakini ni ushahidi wa mauziano. Sheria ya Ardhi inataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe kwenye maandishi, na karatasi hiyo ni maandishi. Itunze. Ipige picha kwa simu, mtumie picha hiyo mtoto mmoja unayemwamini, halafu nakala ya karatasi uiweke mbali na ile ya asili. Mvua ya Aprili haichagui sanduku.

Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nao tuuweke mahali pake. Mwenyekiti anashuhudia kwamba anawajua watu hawa na kwamba mauziano yamefanyika kwenye mtaa wake. Hawezi kumpa mtu umiliki. Akigonga muhuri kwenye karatasi ya mtu aliyeuza kisicho chake, mnunuzi hajapata kitu, kwa sababu muuzaji hakuwa na kitu cha kumpa.

Leseni ya makazi: jina la nani liliandikwa?

Mwaka 2004 serikali ilianza kuziandikisha nyumba za maeneo yasiyopimwa ya Dar es Salaam na kutoa leseni za makazi. Leseni hii imo ndani ya Sheria ya Ardhi. Ni karatasi ya serikali inayomtambua mtu kuwa ana haki ya kukaa na kutumia kipande fulani kwa muda mfupi wa miaka michache, kisha huhuishwa. Si hatimiliki. Hatimiliki hutolewa kwenye kiwanja kilichopimwa, kwa miaka 33, 66 au 99. Baadaye ikaja kazi ya urasimishaji, ambapo mtaa mzima hupangwa na kupimwa na watu wakaombewa hati kamili. Ukisikia jirani anasema "nina hati", muulize ni ya namna gani. Wengi huiita leseni hati.

Rudi kwa mzee. Tuseme waandikishaji walipopita Kiwalani, mzee alikuwa shambani Kisarawe. Aliyekutwa nyumbani ni mpwa. Akaulizwa jina, akataja lake. Pengine hakuwa na nia mbaya siku hiyo. Alikuwa anajibu swali. Lakini jina likiingia kwenye kitabu cha serikali linaanza kufanya kazi lenyewe. Bili ya ardhi inakuja kwa jina hilo, na mthamini akija anakuta jina hilo hilo.

Je, mzee amepoteza? Hapana. Uandikishaji uliofanyika kwa taarifa zisizo za kweli unaweza kupingwa na kurekebishwa. Lakini sasa mzigo umehamia mabegani mwake. Yeye ndiye wa kwenda na ile karatasi ya mwaka 1994, kuwatafuta mashahidi, kupata kwamba mmoja amefariki na mwingine amehamia Mbagala. Kama una nyumba Dar na huishi humo, kazi ya kwanza baada ya kusoma makala hii iwe kuuliza: kwenye vitabu vya ofisi ya ardhi, nyumba yangu imeandikwa kwa jina la nani?

Ile habari ya miaka 12

Sasa tulijibu swali la mpwa. Miaka 12 ipo kweli. Haikutungwa kijiweni. Imo kwenye Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, inayosema shauri la kudai ardhi lifunguliwe ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Muda huo ukipita, mlango wa mahakama hufungwa. Kutokana na hapo ndipo inapatikana kanuni kwamba mtu aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12, mwenyewe akiona na kunyamaza, anaweza kuihesabu kuwa yake.

Mtaani watu wameishika nusu ya kanuni hiyo, ile ya hesabu. Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Mahakama ya Rufani iliieleza kwa urefu mwaka 2018 katika rufaa iliyohusu ardhi ya shirika la masista. Anayedai kwa njia hii ni lazima athibitishe mambo mengi kwa pamoja. Mwenye ardhi awe ameiacha, na yeye mdai awe ameishika kweli. Aliingia na kukaa wazi, bila kujificha, bila nguvu, na bila ruhusa ya mwenyewe. Alikuwa na nia ya kuishika kama yake na kumtenga mwenyewe. Na miaka 12 ilitimia bila kukatwa. Likikosekana moja, dai linaanguka.

Neno linaloamua kesi ya mpwa ni "bila ruhusa". Yeye aliingia kwa ruhusa. Aliambiwa kaa, niangalizie. Kisheria ni mkaribishwa, na mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba mkaribishwa hageuki kuwa mwenye mji kwa sababu tu amekaa sana. Miaka 12 hata 30 ya kukaa kwa ruhusa haihesabiki. Ni kama mtu uliyempa jembe lako akalime. Hata akilitumia misimu kumi, jembe halibadiliki kuwa lake. Vivyo hivyo kwa ndugu wanaokaa pamoja kwenye nyumba ya baba: kaka aliyebaki nyumbani hawezi kuwaambia wenzake walioolewa au waliokwenda kutafuta maisha kwamba amewashinda kwa kukaa.

Sasa mzee asishangilie haraka. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa mdomo, mwaka 2003, na waliokuwepo ni wawili. Mpwa akikataa kwamba aliambiwa "niangalizie", akasema aliambiwa "nimekupa", mzee atahitaji ushahidi. Na hapa ndipo karatasi moja ingeokoa undugu. Ingetosha maneno kama haya: "Mimi fulani nakaa katika nyumba ya mjomba wangu fulani iliyoko mtaa fulani, kwa ruhusa yake, kama mwangalizi." Tarehe, sahihi, mashahidi wawili. Sheria ya Ukomo inasema mtu akikiri haki ya mwenzake kwa maandishi na sahihi, hesabu ya miaka inaanza upya siku ile. Kwa hiyo hata kama umechelewa miaka 10, barua ya leo ina faida. Iandikeni mkiwa bado mnasalimiana. Ukisubiri ugomvi, hakuna atakayesaini.

Ziko hali ambazo miaka 12 inauma kweli. Jirani amesogeza mpaka, akajenga ukuta ndani ya eneo lako, ukasema "tutaongea tu", miaka ikapita. Mtu usiyemjua ameingia kwenye kiwanja chako kitupu akajenga, ukapata habari ukanyamaza. Na hali ya tatu, ambayo watu wengi hawaijui, ni kifo. Mwenye nyumba akifariki akiwa ameishika nyumba yake, miaka 12 ya kuidai kwa niaba ya mirathi huanza kuhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku msimamizi wa mirathi alipoteuliwa. Familia inayosema "tutakaa kikao baada ya arobaini" kisha kikao hakikaliwi mwaka wa kwanza, wa tano, wa tisa, inakula muda wake yenyewe. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo inatosha. Bila yeye hakuna mtu mwenye uwezo wa kudai wala kuuza kwa jina la marehemu, hata kama ni mtoto wa kwanza.

Mjane naye tusimsahau. Nyumba ambayo mume na mke waliishi kama nyumba yao ya ndoa haiwezi kuuzwa au kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo, na mke anaweza kuweka zuio kwa msajili. Kama mke wa mzee wetu aliishi naye Kiwalani miaka hiyo, yeye pia ana neno la kusema kabla mtu hajauza chochote.

Wapangaji wa vyumba vinne

Katika vyumba sita, mpwa anakaa viwili. Vinne kavipangisha. Wapangaji hawamjui mzee wa Kisarawe. Wanamjua "baba mwenye nyumba", yaani mpwa, na dalali aliyewaleta.

Mpangaji ni mtu mwenye haki ya kukaa peke yake kwenye chumba kwa muda aliolipia. Haki hiyo ni ndogo kuliko umiliki lakini ina meno. Katika muda huo hata mwenye nyumba haruhusiwi kuingia apendavyo. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu, hata ukifanywa kwa mdomo, unatambulika. Kama hamkuandikiana muda, sheria huangalia kodi inalipwaje. Ikiwa ni kwa mwezi, basi upangaji ni wa mwezi hadi mwezi, na notisi ya kuhama isipungue mwezi mmoja. Zamani ilikuwepo sheria iliyodhibiti kodi za nyumba na kuwakinga wapangaji zaidi ya hapo. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu wakati huo mpangaji amebaki na mkataba wake na Sheria ya Ardhi. Ndiyo maana mkataba wa ukurasa mmoja na risiti ya kila malipo vina thamani. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Kodi ikiisha mpangaji asipotoka, mwenye nyumba aende barazani apate amri. Kung'oa bati, kutoa mlango au kutupa vyombo nje usiku kunaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshitakiwa. Na mpangaji ajue hili: hata akilipa kodi miaka 15, hata akipaka rangi na kuweka vigae kwa pesa zake, anabaki mpangaji. Kila anapolipa kodi anakiri kwamba nyumba ina mwenyewe.

Mzee akishinda dhidi ya mpwa, asiwarukie wapangaji wale. Walilipa kwa nia njema kwa mtu waliyemkuta. Awajulishe kwa barua kwamba kuanzia tarehe fulani kodi italipwa kwake, na barua ipite serikali ya mtaa.

Siku mthamini anapobisha hodi

Kwa watu wa upande huu wa jiji, swali la nani anakaa na nani anamiliki halikuja kwa ugomvi wa mjomba na mpwa peke yake. Lilikuja na uwanja wa ndege.

Mwaka 1997 serikali ilifanya uthamini wa nyumba za Kipawa, Kigilagila na Kipunguni ili watu wapishe upanuzi wa uwanja. Ukishathaminiwa huwezi kuendelea kujenga kwa amani. Huongezi chumba, maana hakitahesabiwa. Kumpata mnunuzi ni shida. Unakaa, lakini unakaa kama mtu aliyeketi kwenye benchi la stendi. Watu wa Kipawa walisubiri zaidi ya miaka 10 kabla ya malipo, na baadhi ya watu wa Kipunguni walikuwa bado wanadai hadi miaka ya 2020. Katika muda huo wazee walifariki, nyumba zikaingia kwenye mirathi, watoto wakagawanyika, na bei ya saruji ya 1997 haikuwa tena bei ya saruji.

Neno la hapa ni utwaaji. Rais anaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, lakini Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia haiishii kwenye nyumba. Inahesabu thamani ya ardhi, majengo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ambayo hupigwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka kikomo ambacho wakazi wa 1997 hawakuwa nacho: malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 kuna riba, na yakipita miaka 2 bila kulipwa uthamini unakufa na unapaswa kurudiwa.

Swali gumu ni fomu ya uthamini inaandikwa jina la nani. Mthamini hana siku ya kumsubiri mzee afike kutoka Kisarawe. Anaandika anayeonyeshwa na mwenyekiti wa mtaa. Mwangalizi akijitaja kuwa mmiliki, na picha yake ikapigwa akiwa ameshika kibao cha namba mbele ya nyumba, hundi itatoka kwa jina lake. Kuidai pesa iliyokwisha kulipwa ni kazi ngumu kuliko kusahihisha jina kabla. Mpangaji, kwa upande wake, hapati thamani ya nyumba. Akiwa na biashara yake humo ajieleze kwa mthamini mapema, na aandikiwe ya kwake.

Na kuna ardhi ambayo kukaa kwako, hata kwa miaka mingi na kwa nia safi, kunaweza kusikupe kitu. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Walikuwemo watu waliokaa hapo miongo, wenye karatasi za kununulia na umeme uliounganishwa kihalali. Bili ya umeme au maji huonyesha kwamba unakaa, haionyeshi kwamba unamiliki. Kabla ya kununua, iwe Kiwalani au kandokando ya barabara ya kijijini kwenu, uliza kwanza mpaka wa hifadhi uko wapi.

Na shamba lako la kijijini?

Mzee wetu ana tatizo la pili ambalo halijui bado. Alipokuwa Dar miaka ile yote, shamba la Kisarawe alimwachia nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ya mwaka 1999, inatambua haki ya kimila hata kama mtu hana cheti. Ukitaka, kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji kinaweza kukupa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kwa mwananchi haina kikomo cha miaka. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua 5 inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na Halmashauri ya Kijiji, baada ya kutoa tangazo na kupokea pingamizi, inaweza kuitangaza hivyo na kumpa mwingine. Miaka 5, si 12.

Kinga yake ni ile ile iliyokosekana Kiwalani. Shamba lionekane linatumika, mtunzaji ajulikane kwa serikali ya kijiji kwamba ni mtunzaji, na iwepo barua yenye muhuri. Tangazo likibandikwa ofisini na wewe uko mbali, mtu wa kukupigia simu awepo.

Pa kwenda

Mzee akiamua kudai nyumba yake, asianze na polisi. Polisi ni wa jinai: mtu kuvunja mlango, kughushi sahihi, kutishia kwa panga. Mgogoro wa nani anamiliki ni wa madai. Anaanza Baraza la Kata ya Kiwalani, kwa sababu mgogoro hufuata mahali ardhi ilipo, hata kama yeye anaishi Kisarawe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu. Linasuluhisha tu. Wakishindwa kupatana, au siku 30 zikipita bila usuluhishi, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake iko Mahakama Kuu. Mtu akikwambia ana hukumu mpya ya baraza la kata iliyompa nyumba, iangalie tarehe yake.

Aende na karatasi ya mwaka 1994 na nakala zake, na shahidi aliyehamia Mbagala kama bado ana nguvu za kupanda daladala. Awe pia na risiti yoyote ya kodi ya jengo iliyolipwa kwa jina lake, na barua za miaka ya nyuma ambamo mpwa aliandika "nyumba yako mjomba". Siku hizi barua hizo ni ujumbe wa simu. Asibadilishe laini, wala asiruhusu wajukuu wafute ujumbe ili kupata nafasi ya picha.